Uso wa Kwenye Lebo ya Akiba

Mmenisumbua vya kutosha. Siwezi kukaa mlangoni kwangu nikashona kifungo bila mtu kuja na chupa kwapani, kunyoosha kidole kwenye lebo na kuniuliza, "Bibi, huyu mzee alikuwepo kweli, au walimchora tu?" Nimejibu kwa mdomo mpaka mdomo umeota sugu. Sasa naandika, na msinicheke. Kalamu naishika kama mwiko, na herufi zangu zinatembea kama bata, lakini zinafika. Anayetaka mwandiko wa kupendeza aende kwa karani. Anayetaka kujua asome, na nikimaliza nina dai langu.

Alikuwepo. Kiwandani tulimwita Ulimi, na hata mkewe alimwita hivyo akiwa amefurahi. Akikasirika alimwita "wewe mzee". Alikuwa mrefu, mkavu, shingo kama ya jogoo aliyenyeshewa, na kiburi chake ungeweza kukigawa mtaa mzima na kikabaki cha kesho. Kazi yake ilikuwa kuonja divai.

Si divai ya wakubwa, msije mkanielewa vibaya. Ilikuwa ile nyekundu, nzito, tamu. Maji ya zabibu yanaachwa yaanze kuchacha, halafu kabla utamu haujaisha yanamwagiwa pombe kali ili yanyamaze. Ndiyo maana inateleza kama sharubati na inapiga kama kwato ya punda. Ng'ambo huko wapo wanaoitengeneza kwa heshima na kuilaza miaka mingi. Ya kwetu ilikuwa binamu yake maskini, ya kunywewa na mafundi siku ya mapumziko, na wajane, na watu wanaotafuta usingizi.

Banda lenyewe lilikuwa refu, la mabati, na sakafu yake inanata hata uipige deki mara ngapi. Upande mmoja mapipa yamelala ubavu juu ya magogo. Upande wa pili sisi waosha chupa, mikono imejikunja ngozi kama ya kobe. Katikati, kwenye meza ndefu, alikaa mke wa Ulimi akibandika lebo. Huyo tulimwita Mama Gundi. Gundi yake aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano na siki kidogo, akaikoroga mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto, na lebo aliyoibandika yeye hata ukiitia majini na kuisugua inakutazama tu.

Ulimi alianza kazi asubuhi kabla ya chai, mdomo haujagusa kitu. Sabuni ya manukato hakuogea. Kitunguu hakukila mpaka kazi iishe. Alipanda kwenye kigoda, akachomeka mrija mrefu wa kioo kwenye tundu la pipa, akavuta kidogo, akatia kwenye bilauri, akaiinua mbele ya kitambaa cheupe. Akatazama. Akanusa, macho yamefumba. Kisha akapiga funda na kuvuta hewa juu yake kwa sauti kama mtoto anayevuta makamasi, na sisi tukacheka, na yeye hakutusikia. Akatema ndooni. Halafu akatoa chaki mfukoni, akachora pipani. Mstari mmoja, divai changa. Miwili, imeanza kukomaa. Mitatu, hiyo ndiyo yenyewe. Pipa lilipata lebo yake kwa mistari hiyo, na bosi mzee, aliyeanzisha kiwanda, hakuwahi kuugusa mstari wa Ulimi hata kwa kidole.

Lebo zilikuwa tatu. Yenye kishada cha zabibu iliitwa Changa. Yenye picha ya pipa iliitwa Kahawia. Na yenye babu wa ndevu, ambaye mpiga chapa alikuwa naye amechorwa tayari, iliitwa Akiba ya Wazee. Wengi wetu kusoma kulikuwa kwa kubahatisha, tukazijua kwa picha. Siku moja wakati wa kula, mwanamke wa kuziba vizibo aliikodolea macho ile ya babu.

"Shemeji Ulimi, hapa chini wameandika Mtindo wa Miaka Kumi. Kwani hiki kiwanda chenyewe kina miaka kumi?"

"Soma tena," Ulimi akasema. "Imesema mtindo. Haikusema miaka. Neno 'mtindo' kwenye lebo ni kama 'karibu na barabara' kwa dalali wa nyumba. Ukilisikia, vaa viatu vya kutembea."

"Na Akiba?"

"Akiba ni kilichobaki."

"Haya! Basi na mimi ni akiba. Nimebaki kwa mama mpaka leo na hakuna aliyekuja na kizibuo."

Tulicheka mpaka chupa moja ikanguka. Ulimi hakucheka. Alimaliza kutafuna, akafuta midomo, akasema, "Chekeni. Mpiga chapa ameandika uongo wake, mimi siwezi kumfuta. Lakini nikitia mistari mitatu, ujue ndani mna harufu ya lozi, mna zabibu iliyokauka juani, mna mbao kidogo. Mtu maskini akitoa chake akanunua Akiba, apate akiba. Lebo ikidanganya, divai isidanganye."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa dini yake. Yashikeni, kwa sababu ndiyo yaliyomuua.

Bosi mzee akafa, akaja mwanawe, Bosi Mdogo, kijana mchangamfu mwenye viatu vyenye ncha. Mwaka huohuo mafua mabaya yakapita mtaani. Wengine yaliwalaza, wengine yaliwazika. Ulimi yalimpitia kama mgeni mstaarabu, homa kidogo, kikohozi kidogo, akaamka. Ila mgeni yule alipoondoka aliondoka na kitu cha mwenye nyumba.

Mkewe ndiye aliyegundua. Alikuwa nje anaanika nguo, akasikia harufu ya kuungua. Akaingia jikoni mbio. Ulimi amekaa kwenye kigoda, amelipa jiko mgongo, anakata kucha. Nyuma yake sufuria ya maharage imekauka, imekuwa makaa, moshi umetanda.

"Wewe mzee! Nyumba inaungua na wewe unajipamba?"

Akageuka, akaona moshi, akashtuka kama mtu aliyeamshwa. "Sikusikia harufu."

"Hukusikia? Wewe?"

Mama Gundi aliweka sufuria chini, akapasua kitunguu, akamsogezea puani. Hakuna. Akaleta kitambaa chenye mafuta ya taa. Hakuna. Akaleta, kwa hasira na kwa hofu, soksi za Ulimi mwenyewe alizovua jana yake. Mzee akanusa kwa bidii kama mtu anayesoma herufi ndogo, akatikisa kichwa. Ulimi wenyewe wa mdomoni ulikuwa umebakiwa na tamu, chachu, chumvi na uchungu, basi, kama nyumba iliyoibiwa kila kitu wezi wakaacha meza kwa uzito wake.

"Tangu lini?"

"Itarudi."

"Nakuuliza tangu lini."

"Mama Gundi, nimesema itarudi."

Haikurudi. Mkewe alimwambia aende kwa Bosi Mdogo aseme ukweli. "Nimwambie nini?" alijibu. "Kwamba Ulimi amekuwa gogo?" Mkewe akamwambia, basi nitakuja na wewe asubuhi kabla watu hawajafika, ninuse mimi, nikunong'oneze. Mama Gundi divai hakunywa, lakini baada ya kukaa mvukeni mwake miaka yote hiyo pua yake ilikuwa inajua hata pipa lililohamishwa jana. Ulimi alisimama wima kama aliyetukanwa.

"Nguo ya kuazima haisitiri, mke wangu. Sembuse pua."

Basi akaendelea kupanda kigodani, kuinua bilauri, kufumba macho, kuvuta hewa kwa sauti ileile. Ukimtazama ungeapa anaonja. Kumbe alikuwa anahukumu kwa macho. Divai iliyokaa sana kwenye mbao hupoteza wekundu, huwa kama chai ya rangi, na hilo aliliona. Asichokijua ni kwamba Bosi Mdogo alikuwa amemwamuru mchanganyaji atie sukari ya kuunguza kwenye kila pipa ili zote ziwe kahawia. Zamani Ulimi angeinusa sukari ile akiwa bado mlangoni. Sasa alipita pipa hadi pipa, akaona rangi ya uzee kila mahali, akashukuru Mungu kwamba mwaka ule ulikuwa mwaka wa neema, na akachora mistari mitatu, mitatu, mitatu, mpaka chaki ikaisha mkononi.

Na kwenye kona, chini ya bati lililotoboka, palikuwa na pipa limevunda. Mbao zake zilikuwa zimeota ukungu kwa ndani. Nalo likapata mitatu.

Mama Gundi alilijua siku chupa ilipoteleza mezani ikavunjika. Harufu ilipanda kutoka chini kama ya gunia lililolowa likasahauliwa stoo. Akatazama vigae, akaona babu wa ndevu anamtazama. Aliendelea kubandika mpaka jioni, midomo imebana. Nyumbani akamwambia mumewe bila kuzunguka: lile la kona limevunda, umeliita Akiba, na magari yameshaondoka nalo.

Ulimi alikaa kitako. Hakubisha. Alikuwa na kiburi, lakini mjinga hakuwa.

"Watarudisha," akasema. "Mtu akifungua atasikia, atarudisha. Na chupa ya kwanza ikirudi, nitasimama mbele ya kila mtu niseme ni mimi. Sitangoja kuulizwa."

Tangu hapo akawa mtu wa kungoja. Wengine wanangoja mshahara au mtoto aliyesafiri. Yeye alingoja kutukanwa. Gari likirudi na kreti za chupa za kuoshwa, alikuja upande wetu, mikono nyuma.

"Hakuna iliyorudi na divai ndani?"

"Hakuna, shemeji. Tupu."

"Hata nusu?"

"Nyingine zimelambwa," tukamwambia. Tulidhani tunamfurahisha.

Alipochoka kungoja alikwenda kuitafuta lawama mwenyewe. Palikuwa na fundi viatu kwenye njia ya kwenda sokoni, mnywaji wa Akiba wa siku nyingi, hanunui nyingine. Ulimi alimheshimu mtu yule. Alikuwa akisema, katika mji mzima kuna wawili tu tunaojua, mimi na Fundi Viatu. Akamkuta ameinama juu ya soli, midomo imejaa misumari.

"Fundi, Akiba ya safari hii umeionaje?"

"Mm. Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Tamu."

"Haina kitu? Harufu? Kama ya gunia hivi?"

Fundi Viatu alitema misumari kiganjani. "Mzee wangu, mimi nashinda na gundi ya viatu puani na chuma mdomoni. Harufu unaniuliza mimi?"

"Sasa kwa nini unanunua Akiba? Changa si rahisi zaidi?"

"Kwa sababu ya lebo." Akaonyesha rafu nyuma yake, ambako chupa zilisimama kama askari. "Nikishaimaliza natilia rangi ya viatu. Ya babu hii naweka nyeusi, ya pipa niliyopewa na shemeji yangu naweka kahawia. Za viwanda vingine zikilowa zinabanduka, siku moja nitampaka mteja rangi ya jirani yake. Lakini hii, hata uichemshe! Huyo anayebandika, huyo ndiye fundi. Nisalimie."

Ulimi alirudi polepole. Salamu hakuzifikisha.

Haukupita muda Bosi Mdogo akamwita ofisini. Ulimi akavaa shati lililopigwa pasi, akamwambia mkewe, "Yamefika," na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayeenda kupokea tuzo. Kule ndani akakuta Bosi Mdogo anacheka peke yake.

"Mzee wangu, karibu, kaa. Unajua Akiba imeisha yote? Yote! Mistari mitatu kila pipa, baba angekuwa hai angekubusu."

"Bosi, sikiliza. Lile pipa la kona lilivunda."

"Lipi?"

"La chini ya bati bovu. Lilikuwa na ukungu. Mimi pua yangu imekufa tangu yale mafua, sikulijua. Nilikosea."

Alilisema. Nataka mjue kwamba alilisema, kwa mdomo wake, akiwa amesimama, maana kiti alikikataa. Bosi Mdogo alimtazama kitambo, kisha akaanza kucheka tena, taratibu, bila ubaya hata kidogo. Na hapo ndipo palipouma, kwamba ubaya haukuwepo.

"Lile la kona? Mzee, lile ndilo lililokwisha kwanza! Wateja wa juu kule kilimani wameagiza tena. Wanaiita ile yenye harufu ya kizamani. Wanasema unaifungua, unasikia uzee wenyewe."

"Ni ukungu, bosi. Si uzee."

"Nani amelalamika?"

Ulimi akatazama vile viatu vyenye ncha.

"Hakuna aliyelalamika. Sasa mimi nilalamike kwa niaba ya nani? Hebu tufanye hivi. Chaki weka pembeni, kuanzia sasa mapipa yote, na lile la kona likishajazwa tena, yatakwenda tangi moja, na lebo zitapangwa kulingana na oda. Siku mtu mmoja, mmoja tu, akirudisha chupa hapa kwa hasira, nitakurudishia chaki yako na tutaonja pipa kwa pipa kama zamani. Neno la mwanaume. Mpaka hapo pumzika. Na kuna jambo jingine, hili utalipenda."

Jambo lenyewe ndilo hilo mnaloniletea mlangoni. Yule babu wa ndevu alikuwa anatumiwa na kiwanda kingine cha siki, mpiga chapa kawauzia wote wawili. Bosi Mdogo alitaka uso wa mtu halisi. Akamkalisha Ulimi mbele ya kitambaa cheupe, kilekile cha kutazamia rangi, akampa bilauri mkononi, akamwambia fumba macho kama unavyofanyaga. Na Ulimi akafumba. Sijui kwa nini alikubali. Mkewe anasema alikuwa hajasikia vizuri kilichosemwa baada ya neno pumzika. Chini ya picha wakaandika: Kila Tone Limeonjwa na Mzee Ulimi Mwenyewe.

Mama Gundi akawa anambandika mumewe. Asubuhi anamwacha nyumbani amekaa ukingoni mwa kitanda, kiwandani anamkuta anamngoja kwa marundo, amefumba macho. Anampaka gundi mgongoni, anamkandamiza kwenye chupa, anampitisha kiganja usoni asibaki na kiputo. Sisi tulizoea kutania kila kitu pale, lakini hilo hatukulitania.

Nyumbani kiburi cha Ulimi kilikuwa kimelegea mahali pamoja. Jioni moja alimwambia mkewe, "Mtu akirudisha, nikapewa chaki, tutaonja wote. Wewe ndiye utakayenusa. Mimi nitachora." Mama Gundi alinisimulia hayo huku anajifanya anamenya kitu. Maisha yake yote na mtu yule, ndiyo mara ya kwanza kukaribishwa kwenye kigoda chake.

Basi sasa walikuwa wawili wanaongoja. Ila mtu akichoka kungoja mvua hupanda juu ya paa na ndoo. Ulimi alinunua chupa dukani, akaifungua mbele ya mkewe, mkewe akanusa akasema ndiyo, ileile, gunia. Akairudisha dukani, akaiweka mezani mbele ya wateja.

"Divai hii imevunda."

Mwenye duka aliizungusha chupa, akatazama lebo, akamtazama yeye, akatazama lebo tena. Tabasamu likamtoka sikio hadi sikio.

"Shikamoo mzee! Si ni wewe huyu? Jamani njooni mumwone! Sasa mzee, imevunda vipi na umeionja mwenyewe? Imeandikwa hapa, kila tone!"

Watu wakamshika mkono. Mmoja akataka amshikie chupa wapigwe picha pamoja. Akatoka pale na chupa yake, na njiani watoto wakamfumbia macho na kuinua bilauri za hewani.

Mama Gundi ndiye aliyefanya linalofuata, na hakumwambia mtu. Alianza kuipika gundi nyepesi. Unga kidogo, maji mengi, siki hakuna. Ukiitazama ikiwa kavu inashika, lakini ikipata unyevu lebo inateleza kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Hakuwa na hila kubwa. Alitaka tu mumewe atoke kwenye zile chupa.

Na lalamiko likaja.

Lilikuja asubuhi, kwa kelele, langoni, na chupa mkononi. Sisi waosha chupa tulisikia mlinzi anasema, "Tulia mzee, bosi yupo, utarudishiwa," na mmoja wetu akavua aproni akakimbia hadi nyumbani kwa Ulimi. "Shemeji, amekuja! Mtu amerudisha chupa, ana hasira kama nyuki!"

Nilimwona alivyoingia. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa lile shati. Mfukoni palikuwa pamevimba, na nikajua ni chaki, aliihifadhi siku zote hizo. Akapita kwetu bila kusalimia, akasimama kwenye meza ya lebo, akamnyooshea mkewe mkono mbele ya watu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Twende. Njoo na pua yako."

Mama Gundi alifuta mikono, akamfuata. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, tukasikia yote. Ndani alikuwa Fundi Viatu, mate yanaruka.

"...viatu vya harusi, bosi! Vya kahawia! Nimevipaka nyeusi! Kwa sababu lebo zenu zote ziko chini sakafuni, sijui ipi ni ipi! Miaka yote nimewaamini!"

"Fundi," Ulimi akasema. "Na divai yenyewe? Divai uliionaje?"

"Divai?" Fundi Viatu alimshangaa. "Divai ina nini? Nimeinywa."

Bosi Mdogo akaichukua chupa. Lebo ilikuwa imening'inia kwa kona moja, uso wa Ulimi umejikunja katikati. Akaitazama, akamgeukia Mama Gundi, mpole kama kawaida yake.

"Mama, gundi yako imekuwaje?"

"Nimeipunguza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka abanduke."

Bosi Mdogo alidhani ni mzaha, akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Akasema analichukulia lalamiko kwa uzito mkubwa. Na kweli alilichukulia. Lile pipa lililovunda, bati lililotoboka, sukari iliyounguzwa, hayo yalikaa miaka bila mtu kunyanyua nyundo. Lakini gundi ilibadilishwa wiki ileile. Makopo yalikuja, gundi ya dukani inayonuka kama rangi ya gari, na baadaye mashine ndogo ya kubandikia. Mama Gundi akaambiwa naye akapumzike, amefanya kazi nzuri, nyumbani kuna mzee wa kumtunza.

Walirudi wote wawili kwa miguu. Mbele ya nyumba Ulimi alitoa chaki mfukoni, akaitazama, akampa mkewe, naye akaitumia kuziba tundu la panya ukutani. Ndipo alipomwambia, "Fundi Viatu alikusalimu. Zamani. Alisema wewe ndiye fundi."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona wivu."

Baada ya hapo hakusema sana. Chakula alikula kama anayejaza fomu. Mara nyingine mkewe, kwa mazoea, alimsogezea kitu puani, ganda la limau, sabuni, jani alilolifikicha kidoleni, na yeye alinusa kwa adabu na kusema, "Asante." Alikufa asubuhi, kabla ya chai, saa yake ya kuonja. Mama Gundi yuko, macho yamefifia, ila pua bado ni ileile. Ndiyo maana nyumbani kwake hakuna chupa hata moja.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwahi kuona lebo. Kibaya nacho kinajiuza, kikipata uso wa mtu mwaminifu na gundi ya kopo. Ulimi yuko madukani mpaka leo, kila rafu, amefumba macho, anaonja kila tone, na haya maji huwezi kuyazoa tena.

Sasa dai langu. Wewe uliyesoma mpaka hapa, pua unayo. Nenda ukainunue hiyo chupa. Lebo igeuzie ukutani, usiisome. Fungua, nusa. Ikinuka gunia lililolowa, usijidanganye kwamba ndiyo harufu ya uzee. Uzee naujua mimi, haunuki hivyo. Ziba kizibo, irudishe ikiwa na divai ndani, iweke mezani kwa kishindo, na useme kwa sauti mpaka wa nyuma wasikie kwamba imevunda. Atakayekuonyesha huo uso, mwambie ndiye aliyekutuma. Na kama hutafanya hivyo, basi chupa yako ibaki nayo nyumbani. Usije nayo tena mlangoni kwangu kuniuliza kama alikuwepo.